Kenya iko tayari kwa rais mwanamke? Wa Nakuru, Nyanza na Magharibi tupige hesabu hapa

Mkaazi_Section58 (mwanzisha uzi, Nakuru)

Wadau, hamjambo. Tangu Martha Karua, waziri wa zamani wa Sheria, akigeuze chama chake cha NARC-Kenya kuwa People's Liberation Party mwezi Februari 2025 na kusema anautaka urais 2027, kila nikipanda matatu ya Njoro nasikia jibu moja: "Wakenya hawajawa tayari kuongozwa na mwanamke." Anayesema hivyo mwenyewe ni mtu wa Njoro. Mbunge wake ni Charity Kathambi, tena muhula wa pili. Seneta wake Tabitha Karanja. Gavana wake Susan Kihika. Hakuna aliyemshikia panga akiwapigia.

Kwa wasioijua kaunti yetu: 2022 Nakuru ilichagua wanawake kwa ugavana, kwa useneta, na kwa ubunge katika maeneo manne kati ya 11, yaani Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Kiti cha mwakilishi wa kike sijakihesabu, maana kile katiba imeshawatengea. Na Kihika hakuokota kiti kisicho na mwenyewe, alimng'oa Lee Kinyanjui akiwa ofisini. Hii ni kaunti ya Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na kila kabila lingine unalolijua, kaunti iliyowaka moto Januari 2008 baada ya uchaguzi. Kama kuna mahali pa kuipimia Kenya nzima, basi ni hapa.

Sasa geuza karatasi. 1997 Charity Ngilu aliwania urais, akapata karibu kura 490,000, kama asilimia 8, akawa wa tano nyuma ya Moi, Kibaki, Raila na Wamalwa. Mwaka huohuo Wangari Maathai hakufikisha kura 5,000. Miaka saba baadaye dunia ikampa Nobeli ya Amani. 2007 alikuwepo Nazlin Umar, na ninyi semeni kama mnamkumbuka. 2013 Karua alipata kura 43,881, hata nusu asilimia haikufika. Mwalimu Abduba Dida, ambaye wengi wetu tulimfahamu usiku wa mdahalo wa runinga, alimpita kwa karibu kura elfu tisa. 2017 wagombea wanane, wanaume wanane. 2022 wagombea wanne, wanaume wanne, ingawa watatu kati yao walichukua wagombea wenza wanawake.

Yaani kwa urais tumetoka asilimia 8 hadi kukosa jina kabisa kwenye karatasi. Na ndani ya kipindi hicho magavana wanawake wametoka sufuri mwaka 2013, wakawa watatu 2017, wakawa saba 2022. Kama shida ingekuwa mpiga kura kuwachukia wanawake, chuki hiyo ingeonekana kwenye karatasi zote sita.

Dai langu ni hili, bishaneni nami: mpiga kura wetu hachagui mwanamke wala mwanamume, anachagua tiketi. Hao wa Nakuru niliowataja, ukimtoa wa Bahati aliyepita kwa Jubilee, walipita kwa UDA, chama cha Ruto, wakati UDA ilikuwa wimbi. Gladys Wanga kule Homa Bay alipita kwa ODM, chama cha Raila. Tiketi ya wimbi kwa kiti cha urais haijawahi kukabidhiwa mwanamke hata mara moja. Swali si kama Mkenya yuko tayari. Swali ni nani anagawa tiketi.

Mzee_wa_Free_Area (Nakuru)

Umeandika gazeti zima. Jibu ni hapana. Rais ni amiri jeshi mkuu, si mwenyekiti wa chama cha kuzungushiana pesa.

NyarKisumo_ (Kisumu)

Mzee wangu, kwa heshima, hilo la jeshi lilishaisha. Raychelle Omamo, binti wa huku kwetu Nyanza, aliwekwa Wizara ya Ulinzi mwaka 2013 wanajeshi wetu wakiwa Somalia, akakaa hapo hadi 2020. Alikuja Monica Juma, halafu Soipan Tuya. Sijasikia askari aliyekataa amri kwa sababu waziri amevaa hereni.

Halafu "hatuko tayari" ni nani na nani? Kisumu ilimaliza swali hili kabla baba yangu hajaoa. Grace Onyango, mwalimu, akawa meya wa Kisumu mwaka 1965, na Desemba 1969 akaenda bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa nchini. Uangalieni vizuri mwaka huo. Julai Tom Mboya ameuawa Nairobi. Oktoba rais anakuja kufungua hospitali ya Russia, ghasia zinatokea, askari wanafyatua risasi, watu wanakufa barabarani. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, inapigwa marufuku, na Jaramogi mwenyewe anatiwa kizuizini. Mji una matanga kila mtaa. Na katikati ya hayo, kura ya Kisumu Mjini ikamwendea mwanamke. Hakuna aliyesema huu si wakati wa kujaribu. Alikaa bungeni hadi 1983.

Baada yake tukapata Phoebe Asiyo Karachuonyo, 1979, na Grace Ogot kule Gem. Asiyo ndiye aliyepeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi, 1997. Waliiangusha. Haya ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi kiasi hicho cha viti, yaliyoingia kwenye katiba ya 2010, ambayo mpaka Jaji Mkuu Maraga alimshauri rais avunje bunge mwaka 2020 kwa kutoyatekeleza, mama yule alishayasema jengo likiwa limejaa wanaume.

Omwami_wa_Webuye (Bungoma)

Ninyi wa Nakuru na Kisumu mnajisifu, acha niwape hesabu ya huku tunakolia. Kakamega viti 12 vya ubunge, Bungoma tisa, Vihiga vitano. Jumla 26. Wanawake waliopita 2022: hakuna. Hata mmoja. Ukitaka kumwona mbunge mwanamke wa kuchaguliwa eneo hili itabidi uteremke Busia, Teso Kusini, kwa Mary Emase.

Na si kwamba Magharibi haijui kuzaa viongozi wa kike. Julia Ojiambo wa Busia aliingia bungeni 1974 na akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri msaidizi. 2007 Kalonzo alimfanya mgombea mwenza. Karua aliposimama KICC 2022 watu wakishangilia kana kwamba jambo limezaliwa leo, sisi tulikuwa tumeshalifanya miaka 15 kabla.

Sasa kwa nini tumekauka? Nitawaeleza siasa ya huku inakopikiwa. Si kwenye mkutano wa uwanjani. Ni matanga. Jumamosi ukiwa mwanasiasa wa Bungoma unazika mara tatu, nne, kutoka Kabuchai hadi Tongaren. Pale kwenye matanga kuna orodha ya wasemaji na mshereheshaji ndiye anayeishika. Wazee wa ukoo kwanza, kisha madiwani, kisha "waheshimiwa" wanaotaka viti, wanaume, kila mmoja dakika zake na bahasha yake ya familia. Yule mama anayetaka ubunge anaitwa mwisho, jua limeshapinda, watu wanatazama sufuria, na anaitwa hivi: "Sasa mama naye aje asalimie akina mama wenzake." Asalimie! Mwenzake amepewa nafasi ya kuzungumzia barabara na kiwanda cha sukari, yeye amepewa salamu. Akikataa kusalimia na kuanza kuzungumzia kiwanda cha Nzoia, wanasema ana kiburi.

Halafu ule mchana ni mapambo tu. Kura zinakatwa usiku, kwenye nyumba ya mzee fulani, kuanzia saa nne hadi alfajiri. Mwanamume akitoka pale saa tisa usiku anaitwa mchapakazi. Mwanamke akitoka pale saa tisa usiku, kesho yake sokoni anaitwa jina ambalo msimamizi wa jukwaa atalifuta nikiliandika.

Na kuna ukoo. Akisimama alikozaliwa anaambiwa: wewe uliolewa Kimilili, nenda ukaombe kura kwa wakwe zako. Akienda kwa wakwe anaambiwa: mume wako tunamjua, wewe umekuja juzi. Kwa hiyo, Mkaazi, punguza habari ya tiketi. Kuna mambo yanatangulia tiketi.

NyarKisumo_

Omwami hilo la ndoa umelisema vizuri. Joyce Laboso alipotaka ugavana wa Bomet 2017 wapinzani walimpigia kelele hiyohiyo, kwamba ameolewa kwa Wajaluo, aende huko. Akashinda hata hivyo, akamwangusha Isaac Ruto. Alipofariki Julai 2019 alizikwa Fort Ternan, huku kaunti ya Kisumu, nyumbani kwa mumewe. Bomet wakaja kwa mabasi kumzika.

Mkaazi_Section58

Omwami, umeniongezea hoja bila kutaka. Kwa nini Bungoma na Kakamega hakuna, Nakuru wapo wanne? Matanga yapo na huku. Ndoa zipo na huku. Tofauti ni kwamba 2022 kwenu kulikuwa na Ford Kenya, ANC, DAP-K, ODM na UDA, zote ziko hai, kila kiti kina watu wanane hadi kumi wanaogawana kura. Mahali pa namna hiyo anayepita ni mwenye ukoo mkubwa na mfuko mrefu. Huku Nakuru ukishapita mchujo wa UDA karibu umemaliza, ukoo hauulizwi. Homa Bay ndiyo zaidi: ODM ilimpa Wanga tiketi ya moja kwa moja, John Mbadi akaambiwa akae kando, akakaa, Oyugi Magwanga akawekwa kuwa naibu. Kidero alijaribu kama mgombea huru na pesa zake na jina lake lote, akashindwa.

Omwami_wa_Webuye

Sijakusaidia, soma tena. Wanga alibebwa na Raila. Kihika alibebwa na Ruto. Gavana anapanda mgongo wa mgombea urais. Huyo mgombea urais mwanamke apande mgongo wa nani?

Fundi_Kondele (Kisumu)

Omwami amemkaba koo.

Mama_Wakulima (Nakuru)

Mimi nauza viazi soko la Wakulima, siasa nazijua kwa kuletewa lesso. Ninachojua ni kwamba wanawake wenyewe hawawapigii wanawake. Sisi ndio wengi, tungetaka tungeshaweka rais zamani.

Mkaazi_Section58

Mama, naomba nikupinge kwa mambo mawili. Kwanza, wanawake si wengi kwenye daftari la wapiga kura. 2022 waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1, na wanawake walikuwa asilimia 49. Wasichana wengi hawana kitambulisho kwa wakati, wengine wameandikishwa walikozaliwa na wameolewa mbali.

Pili, umejuaje wanawake wanampigia nani? Karatasi ya kura haina jina wala jinsia. Fomu 34A inayobandikwa mlangoni mwa kituo ina jumla ya kila mgombea, basi. Hakuna safu ya "kura za akina mama". Msemo huo unaanzishwa na wanaume walioshindwa kueleza kwa nini wao hawakumpigia.

Mama_Wakulima

Mimi ni mwanamke na sikumpigia 2013. Hiyo ni safu ya kutosha.

Mzee_wa_Free_Area

😂😂 Mama apewe kiti.

Karani_Bahati (Nakuru)

Nilikuwa karani wa uchaguzi 2022, kituo kimoja huku Bahati. Nitasema nilichosikia kwenye foleni, si kilichotiwa sandukuni. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ile ya Agosti, bibi mmoja mzee amejifunika shuka mbili anawafundisha wajukuu zake wasichanganye karatasi. Anawaambia hii ya buluu ni ya gavana, weka kwa msichana wa Kihika Kimani. Hii ya njano seneta, weka kwa yule mama wa Keroche. Ya kijani, msichana tena. Mjukuu wa kiume akamuuliza, cucu, na rais angekuwa msichana? Akamwambia: "Hizo zingine tunapeana. Ile nyeupe si ya kupeana, ile ni ya kujikinga."

Hapo nilielewa kitu ambacho Mkaazi hajakigusa. Huku Nakuru watu walikimbia makwao miaka ya 1990, wakakimbia tena 2008. Mtu wa huku akishika ile karatasi nyeupe hafikirii sera. Anafikiria nani akikaa Ikulu mimi sitalala msituni. Anataka mtu ambaye kabila kubwa liko nyuma yake. Mwanamke hakataliwi kwa uanamke wake, anakataliwa kwa sababu watu hawaoni nani yuko nyuma yake.

Omwami_wa_Webuye

Hii ndiyo posti ya uzi huu.

Binti_Pipeline (Nakuru)

Mnazunguka sana. Vukeni mpaka wa Namanga muingie Tanzania. Samia Suluhu ni rais tangu Machi 2021 na jua linachomoza Arusha kama kawaida.

Fundi_Kondele

Dada, Samia hakuchaguliwa 2021, alirithi Magufuli alipofariki. Na uchaguzi wa Oktoba 2025 usituletee hapa. Mpinzani Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini, chama chake hakikuwemo kwenye karatasi, mpinzani mwingine alienguliwa, intaneti ilizimwa, watu walipigwa risasi, halafu matokeo karibu asilimia 98. Na huyohuyo Karua tunayemjadili alipofika Dar es Salaam Mei 2025 kufuatilia kesi ya Lissu alirudishwa kwa ndege. Serikali ya mwanamke ikamfukuza mwanamke.

Binti_Pipeline

Sawa, na wanaume wangapi wameiba kura na hamkusema wanaume hawafai? Moi alipotuletea mlolongo 1988, kura ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, mliandika uzi wa "je, nchi iko tayari kwa rais mwanamume"?

Kama hamtaki Samia chukueni Ellen Johnson Sirleaf, Liberia, alichaguliwa 2005 akimshinda George Weah na mpira wake wote. Akachaguliwa tena. Chukueni Netumbo Nandi-Ndaitwah, Namibia, Novemba 2024. Joyce Banda wa Malawi mnaweza kuwa naye wenyewe: alirithi 2012, akaenda kwa kura 2014, akawa wa tatu.

Mkaazi_Section58

Binti, Namibia ndiyo ushahidi wangu. Nandi-Ndaitwah alipewa tiketi ya SWAPO, chama kilichotawala tangu 1990. Alikuwa ameshakuwa makamu wa rais wa nchi na makamu wa rais wa chama. Hakuja na chama chake kidogo mfukoni. Ndiyo tofauti yake na Karua wa 2013.

Fundi_Kondele

Na mnasahau upande mwingine. Mkishawachagua mnawafanyaje? Kawira Mwangaza wa Meru alishtakiwa na bunge la kaunti mara tatu ndani ya miaka miwili, Seneti ikamtoa Agosti 2024, mahakama ikakubali Machi 2025. Sisemi hakuwa na makosa yake. Nasema tazameni: alikuwa mgombea huru, hakuwa na chama cha kumsimamia, wawakilishi wadi wakamgeuza ngoma. Anne Waiguru naye alishtakiwa 2020 na bunge lake la Kirinyaga, lakini yeye alikuwa na mtu wa kumpigia simu, akapona Seneti.

Mzee_wa_Free_Area

Na gavana wetu hapa? Mapema 2025 tulikuwa tunauliza yuko wapi, tukaambiwa likizo ya uzazi. Rais naye aende likizo ya uzazi?

Binti_Pipeline

Mzee, marais wangapi wa Afrika wamelala hospitali za Ulaya miezi mitatu na hakuna aliyewaambia nchi? Mtu kujifungua ni ajabu, mtu kuwa na siri ya ugonjwa si ajabu. Kama shida ni kwamba kaunti haikuambiwa mapema, hilo nalikubali, tungeambiwa siku ya kwanza. Lakini naibu gavana yupo kwa kazi gani? Katiba imemweka pale kwa sababu watu huugua, husafiri na huzaa.

Na Karua ana miaka zaidi ya 60, hiyo likizo unayomwogopea ni ya wajukuu.

Msimamizi

Posti mbili zimefutwa. Mnaweza kumpinga gavana bila kuutaja mwili wake.

Mkaazi_Section58

Turudi kwa swali la Omwami, mgongo wa nani, na la Karani, nani yuko nyuma yake. Nimelala nalo.

Ibara ya 138 inadai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Hakuna kabila linaloweza hilo peke yake. Kwa hiyo urais wa Kenya umekuwa muungano wa wenye mafungu ya kura: huyu analeta Mlima Kenya, huyu Bonde la Ufa, huyu Nyanza, huyu Ukambani, huyu Mulembe ya Waluhya. Kukaa kwenye meza ile lazima uje na fungu. Fungu lenyewe linatoka kwa kutawazwa msemaji wa jamii: wazee, mkuki, kigoda, singa. Nitajieni mwanamke aliyewahi kutawazwa msemaji wa jamii kubwa akaheshimiwa kama wanaume wanavyoheshimiwa.

Mmoja tu alikaribia, na ndiye aliyepata asilimia 8. Ngilu 1997 hakupata kura zile kwa kuwa wanawake wa Kenya waliamka. Alizipata kwa sababu Ukambani ilimwona kuwa ni wao, na sehemu kubwa ya kura zake zilitoka huko. Alikuwa na fungu. Ndiyo maana 2002 Kibaki na Wamalwa walikaa naye kama mwenzao, na NARC ilipoingia akapewa Afya. Karua 2013 alikuwa msomi zaidi, alikuwa amejiuzulu uwaziri wa Sheria 2009 kwa msimamo, alikuwa na jina. Lakini fungu la Mlima lilikuwa mkononi mwa Uhuru. Hata 2022, akiwa mgombea mwenza wa Raila, Kirinyaga ya nyumbani kwake ilimwendea Ruto. Watu hawakumkataa kwa kuwa ni mwanamke: ugavana walimpa Waiguru siku hiyohiyo, kwenye foleni hiyohiyo.

Kwa hiyo Omwami uko sahihi kwamba rais hana wa kumbeba. Lakini hata hao wanaume hubebwa. Ruto alibebwa na Uhuru miaka kumi kabla ya kusimama mwenyewe. Uhuru alibebwa na jina la baba yake, na pia na Moi 2002. Kibaki alitamkiwa "tosha" na Raila, mambo yakaisha. Mwanamke hakosi sifa, anakosa mtu mwenye fungu wa kusimama Uhuru Park na kumtamkia neno lile moja.

Omwami_wa_Webuye

Hapo sasa tumekutana. Lakini usilifanye jambo la wakubwa wa Nairobi peke yao. Nani anamtawaza msemaji? Ni wazee wa huku vijijini, kwenye matanga yale ya salamu. Ngazi ya kwanza iko kwetu.

Karani_Bahati

Na kiti cha mwakilishi wa kike nacho, mimi naona kimewafungia wengi. Kilikusudiwa kiwe daraja. Siku hizi mama akitaka ubunge anaambiwa "kiti chenu kiko pale, msituingilie huku". Wachache walikitumia kuvukia, kama Wanga, miaka tisa mwakilishi wa kike kisha ugavana. Wengine wamezeekea pale wakigawa mahema na viti vya plastiki.

Mama_Wakulima

Mahema yale yanatusaidia, usiyadharau. Lakini ni kweli.

Fundi_Kondele

Swali kwa NyarKisumo. 2022 Nyanza ilimpigia Karua kura nyingi kuliko kwao Kirinyaga. Mlimpigia yeye?

NyarKisumo_

Swali la uchokozi lakini nitajibu kweli. Tulimpigia Baba. Angemleta mtu wa Turkana, au mchungaji, tungempigia Baba. Siku alipomtaja Karua, Mei 16, wanawake wa Kibuye walicheza barabarani, mimi nilikuwepo, na furaha ile haikuwa ya uongo. Lakini kura ilikuwa ya Raila.

Sasa Raila hayupo. Tangu Oktoba 15, 2025 kura ya Nyanza haina mwenyewe, na kila mtu anayekuja Kisumu kutoa pole anapima urefu wa viatu vyake. Wanaume watano, sita, kila mmoja anasema yeye ndiye aliyeambiwa siri. Wanga yupo pale juu ya chama, mwenyekiti wa ODM tangu Mbadi aende Hazina. Sijasikia hata mmoja akiuliza kama fungu hili anaweza kulishika yeye. Wanamwita "mama wa chama" wanampa kipaza sauti afungue mkutano. Mwone Omwami na matanga yake.

Mzee_wa_Free_Area

Wanga mwenyewe ameomba?

NyarKisumo_

Sijamsikia akiomba. Hao sita nao hawajaombwa na mtu, mzee, wanajiombea.

Binti_Pipeline

Mzee, tuambie kweli basi. Jina likiwa Karua pekee yake na mwanaume mmoja usiyempenda, 2027 utaweka wapi?

Mzee_wa_Free_Area

Inategemea mwanaume ni nani.

Binti_Pipeline

Kwa hiyo hata si uanamke.

Mzee_wa_Free_Area

Usinitilie maneno mdomoni. Nimesema inategemea. Nataka kujua naibu wake ni nani na Bonde la Ufa atapata kaunti ngapi. Akiniletea hesabu hiyo nitaisoma.

Mkaazi_Section58

Nilivyojaribu kumpigia Karua hesabu yake, nikimpa Mlima asilimia 25 kila kaunti, na Nairobi, na Ukambani kwa hisani ya Kalonzo, bado inakwama kabla ya 24. Inabidi apate Magharibi au Nyanza, na Magharibi Omwami ameshatuambia.

Omwami_wa_Webuye

Magharibi mlete mapema, kabla matanga ya Disemba hayajaanza. Na mumwambie akipewa salamu asisalimie.

NyarKisumo_

Na Kisumu aje Jumapili, siku ya soko Kibuye, asije na msafara wa magari ya kufungua vioo nusu. Aje asubuhi, akae kwenye mitumba na samaki, aulizwe bei ya omena na kwa nini wavuvi wetu wanakamatwa na Waganda ziwani. Asituletee lesso, tunazo.